Kapu Kutoka Makunduchi

Bi Sichana, jirani wa mlango wa tatu, anaapa kwa macho yake mawili kwamba posa ya Mardhiya ililetwa kwa baiskeli.

Anasema ilikuwa Alkhamisi baada ya alasiri, yeye kakaa barazani kwake anachagua mchele, mara akamuona mzee wa kanzu nyeupe pe anakuja na njia ya Mpendae, huku anapiga kengele kama muuza aiskrimu. Kwenye usukani kaning'iniza kapu, na kapu limefunikwa kanga mpya, bado ina ukakamavu wa dukani. Alipofika penye dimbwi la mbele ya nyumba ya Bi Riyama, mama yake Mardhiya, anasema Bi Sichana, baiskeli ikataka kwenda huku na mzee akataka kwenda kule. Wakashindana. Mwisho mzee akashuka ndani ya maji, kanzu ikaelea, na kapu akaliinua juu ya kichwa kama mtu anayemvusha mtoto. Hakulishusha mpaka alipoitikiwa hodi yake. Na ndani ya kapu, anaongeza Bi Sichana, mna doti mbili za kanga, udi, na mkufu wa dhahabu. Mkufu kauona unang'ara.

Hayo ni yake. Dimbwi ni kweli, maana masika ya mwaka huu yaliondoka yakaacha nusu ya maji yao Mpendae. Mzee ni kweli, na kanzu kuelea ni kweli. Mkufu haukuwapo. Kilichong'ara ni mfuniko wa kopo la asali.

Lakini maneno ya Bi Sichana hayasubiri mtu ayapime. Kabla ya adhana ya magharibi mtaa mzima ulikwishajua kwamba Mardhiya kaposwa, na aliyekuwa hajui ni Mardhiya peke yake. Yeye saa hiyo yuko nyumba ya nyuma, kwa shoga yake Khairat, kapiga magoti juu ya mkeka, anaitazama ramani.

Ramani yenyewe kaichora Wakil, kaka yake Khairat, nyuma ya kalenda ya mwaka jana. Kisiwa kizima cha Unguja kakilaza pale kama samaki juu ya sinia. Walikuwa marafiki sita, wasichana wawili na wavulana wanne, na jambo waliloliweka moyoni tangu Ramadhani ni kukizunguka kisiwa kwa baiskeli. Mjini, Mtoni, Bububu, wapande mpaka Nungwi, washuke na pwani ya mashariki hadi Makunduchi, ndipo warudi nyumbani. Kila Jumapili asubuhi walikuwa wakikutana Mnazi Mmoja kufanya mazoezi. Walikuwa wakipita Malindi wenye maduka hawajafungua bado, wakifika hadi penye magofu ya Mtoni, wakinywa maji, wakirudi.

Kazi ya Mardhiya katika mpango ule ilikuwa nguo. Yeye ni mshoni, na kashona baibui ambalo chini limegawanyika kama suruali pana, lenye mpira kifundoni ili lisiliwe na mnyororo. Ukisimama, hakuna atakayejua kama si baibui la kawaida. Khairat alipolivaa mara ya kwanza alizunguka ukumbi mzima anacheka.

"Nguo zipo, mipira ya akiba ipo," alisema Wakil. "Limebaki la kulala tu. Na masharti ya Bi Riyama tunayajua."

"Walale penye mama wa nyumba," wakaitikia wote kwa pamoja, kwa sauti ya Bi Riyama, hata Mardhiya mwenyewe akacheka.

"Basi Nungwi tunalala kwa bibi yetu. Kiwengwa kwa ami."

"Kiwengwa karibu mno," alisema mmoja. "Tunaweza kupita tu."

"Upite mlangoni kwa ami yangu na usilale?" Wakil akamkodolea macho. "Hatujafika Pongwe, atakuwa keshampigia baba simu. Tena atalia. Namjua. Haya, usiku wa mwisho Makunduchi. Makunduchi kuna nani?"

Simai, aliyekuwa kaegemea ukuta karibu na mlango, akakohoa.

"Kwetu," alisema. "Mama yangu yupo."

Simai ni fundi wa mafriji, kijana mrefu wa maneno machache, mzaliwa wa Makunduchi. Katika mazoezi yote ya Jumapili yeye ndiye anayekaa nyuma ya wote. Wenzake wanasema anafanya hivyo ili asiachwe mtu. Mardhiya, ambaye naye huwa wa pili kutoka nyuma, alikuwa akisikia gurudumu lile nyuma yake njia nzima, halimpiti na halimuachi. Akipunguza mwendo, nalo linapunguza. Siku moja pale Mtoni aligeuka ghafla kumwangalia, na Simai badala ya kutazama pembeni kama wafanyavyo wanaume waliokamatwa, akabaki kumtazama tu, kwa upole, mpaka yeye Mardhiya ndiye aliyeinamisha macho. Hakusema neno siku ile. Hajasema hadi leo.

"Basi imekwisha!" Wakil akapiga alama ya kalamu juu ya Makunduchi. "Wote kwa mama yake Simai."

"Haijakwisha," alisema Khairat, akimtazama shoga yake kwa pembe ya jicho. "Mie ntalala bila neno. Lakini Mardhiya..."

"Mardhiya ana nini?"

"Wakil kaka yangu, wewe kaa na kalenda yako."

Kila mwanamke angelifahamu, na Wakil hakulifahamu. Msichana hatoki kwao akaenda kulala kwa mama wa kijana anayemtazama namna ile, na hapajasemwa kitu baina ya wazee. Watu watasema kajipeleka mwenyewe, tena kwa baiskeli. Na kulala nyumba nyengine hapohapo Makunduchi ni vibaya zaidi. Mama wa watu aambiwe mwanawe kapita mlangoni na wageni wake, wakaenda kulishwa na jirani? Aibu hiyo mama mtu hufa nayo.

"Mama nshamwambia tunakuja," alisema Simai taratibu, macho yake kwenye ramani. "Kasema yeye mwenyewe ataomba ruhusa kwa wazazi. Msitie hofu."

Mardhiya akajifanya anatafuta sindano kwenye mkeka.

* * *

Alipotoka kwa Khairat, wanawake wawili wa mtaani walimpungia mikono. "Hongera, mwari!" Akadhani ni utani wa baiskeli. Wa tatu akamwambia, "Hata hutuambii, Mardhiya!" Ndipo alipoanza kutembea haraka.

Nyumbani kulinukia nazi na bizari. Bi Riyama alikuwa jikoni, kajifunga kanga kiunoni, anakoroga mchuzi.

"Mama, kuna nini? Watu wananipa hongera."

"Huyu pweza mkavu kawa mgumu," alisema Bi Riyama. "Lakini ladha anayo. Pweza wa Makunduchi huyu."

Mardhiya akasogea karibu na chungu. "Kaletwa na nani?"

"Mzee Ubwa, anasema ni ami yake Simai. Kaja hapa maji yanamtiririka kama katoka kuzamia. Nikamwambia, baba, keti ujikaushe. Akasema haketi mpaka aseme alilotumwa. Akasimama hapo hapo, dimbwi la pili linafanyika chini yake, akasema kijana wao kasimama mlangoni kwetu na wao wanaomba asifukuzwe." Bi Riyama akaonja mchuzi, akaongeza chumvi. "Kaisema vizuri lakini. Mtu mzoefu."

"Na wewe ukamwambia nini?"

"Nikamwambia nimesikia. Mtu akiletewa neno husema kasikia." Akageuka sasa, mwiko mkononi, akamtazama mwanawe sawasawa. "Simai kakwambia nini wewe?"

"Hajaniambia kitu."

"Hata kidogo?"

"Hata kidogo, mama. Wallahi."

"Na wewe unataka nini?"

"Mie nataka safari."

"Safari sikukuuliza," alisema Bi Riyama, akarudi kwenye chungu chake.

Walikaa kula. Mardhiya alitafuna kipande cha pweza asikimeze, maana ndani ya hofu yake kulikuwa na furaha, imejificha kama mtoto nyuma ya pazia, miguu inaonekana. Kumbe Simai alikuwa na la kusema! Kumbe kanyamaza miezi yote hii analipanga!

Baada ya isha simu yake ikalia. Ujumbe wa Simai, wa kwanza kabisa ambao haukuhusu matairi.

"Ami kakosea. Mama alimtuma kuomba ruhusa ya kulala tu. Kesho baada ya Ijumaa nnakuja kumuomba radhi mama yako. Nisamehe."

Akausoma. Akaiweka simu kifudifudi juu ya mto, akaichukua tena, akausoma. Kakosea. Kakosea nini? Nyumba? Siku? Mtu? Neno lile lilikuwa fupi, na alilizunguka kila upande asilione mlango. Na ile furaha ya nyuma ya pazia, hakujua tena iko wapi.

* * *

Siku ya pili watu walipotoka msikitini, hodi ilipigwa. Mardhiya alikuwa chumbani kwenye cherehani, pazia limeshushwa. Mguu wake ukasimama juu ya pedeli.

"Hodi wenyewe!"

"Karibuni. Karibuni ndani."

"Shikamoo, mama." Sauti ya Simai.

"Marahaba, mwanangu. Mzee Ubwa, karibu. Leo baiskeli yako hatukuisikia."

"Leo tumekuja kwa miguu, Bi Riyama. Mto wenu una kina."

Viti vikavutwa. Chai ikamiminwa. Kisha Simai akaanza, na kwa namna alivyoanza ilijulikana kwamba maneno kayafanyia mazoezi njia nzima.

"Mama, nimekuja kukuomba radhi. Mama yangu alileta kapu kwa gari la asubuhi, akampigia ami simu alifikishe kwako. Alitaka kukuomba ruhusa mabinti walale kwake siku ile ya mwisho ya safari, na wewe usiwe na wasiwasi. Hakutuma neno jengine. Ami ndo..."

"Ami ndo kafanya nini?" Mzee Ubwa akamkata. "Mie nimewaposea ndugu zako wote. Baba yako mwenyewe nimemposea mie, na bila ya mie usingelizaliwa! Sijapata hata siku moja kutumwa kwa mama wa mwari na kapu lina mayai na asali, juu yake kanga mpya, halafu ikawa habari ya baiskeli. Bi Riyama, wewe ni mtu mzima. Mayai na asali, baiskeli hiyo?"

"Mayai yalikuwa mazuri," alisema Bi Riyama.

"Mama yangu ndivyo alivyo," alisema Simai kwa unyonge. "Hata fundi wa bati alimpa asali."

Bi Riyama akacheka, akajizuia. Kisha sauti yake ikabadilika, ikawa ile sauti ambayo Mardhiya aliijua tangu utotoni, sauti ya mtu anayepitisha uzi kwenye tundu la sindano.

"Kwa hivyo, Simai, posa ile ilikuwa makosa."

"Ndio, mama."

Nyuma ya pazia, Mardhiya akayafumba macho. Basi. Imekwisha. Atazunguka kisiwa, atalipita kila gofu na kila mnazi, na gurudumu lile la nyuma atalisikia kama la mtu mwengine yeyote. Au asiende kabisa. Aseme kichwa kinamuuma.

"Sawa," alisema Bi Riyama. "Basi umekuja kuichukua."

Kikombe kikagongana na kisahani.

"Hapana, mama."

"Hapana nini?"

"Sikuja kuichukua."

"Hukuituma, na hukuja kuichukua. Sasa niifanyeje, mwanangu? Maana pweza nshampika, tena tushamla."

"Mmemla!" Mzee Ubwa akajipiga paja. "Kwetu asiyetaka hurejesha kapu na vilivyomo!"

"Hapa ni Mpendae, Mzee Ubwa. Sisi tulikuwa na njaa. Muache kijana aseme."

Simai akakiweka kikombe chini. Aliposema tena, sauti haikuwa ile ya mazoezi.

"Mie nilitaka nije kwa mpango wangu, mama. Nilisema, tumalize safari kwanza. Tufike Makunduchi, mama yangu amuone Mardhiya, na yeye amuone mama. Aone kwetu palivyo, ukuta haujapigwa rangi, kisima kiko nje. Aone yote. Ndo nimuulize. Sikutaka aambiwe na mzee wa njiani kabla hajaambiwa na mie. Ami, nisamehe."

"Mzee wa njiani," alinung'unika Mzee Ubwa. "Haya."

Mardhiya alifumbua macho. Mbele yake palikuwa na kitambaa cheusi cha baibui la mteja, nusu kimeshonwa, na alikitazama kama hajawahi kukiona.

Lakini Bi Riyama hakulainika upesi.

"Mpango mzuri," alisema. "Mtoto wangu aletwe, aonwe, azungushwe mpaka kisimani, halafu ndo aulizwe. Na asipotaka? Apande baiskeli yake arudi mjini, na Makunduchi nzima imeshamuona kaja kwenu? Aliyekataa atakuwa yeye, lakini watasema kakataliwa. Hilo ulilifikiri?"

"Hilo... sikulifikiri, mama."

"Mmefikiri maji ya kunywa. Mmefikiri mipira ya akiba. Mmefikiri ami yake Wakil asilie. Hilo hakulifikiri hata mmoja wenu."

"Hakuna aliyelifikiri, mama. Kweli."

Bi Riyama akavuta pumzi. Alikuwa kapenda, labda, namna kijana alivyokubali bila ya kujipamba.

"Mwanangu hana baba. Walii wake wa kumuozesha ni ami yake, yuko Mtoni, na mwenye neno atakwenda kwake kwa adabu zote. Siyo kwa baiskeli. Lakini kabla ya huyo ami, mie nataka nijue la mwanangu mwenyewe. Mardhiya!"

"Naam!"

"Njoo."

Alijifunika vizuri, akaliinua pazia, akatoka. Hakujua aweke wapi mikono. Simai akasimama, akakaa, akasimama tena. Kavaa shati la mikono mirefu lililopigwa pasi vibaya, kola moja imepinda, na Mardhiya aliiona ile kola kabla ya kitu chochote.

"Shikamoo, babu," alimwambia Mzee Ubwa.

"Marahaba, marahaba, mwanangu. Tulia tu."

Bi Riyama akampa nafasi kando yake juu ya mkeka.

"Nikwambie kitu," alisema, na alikuwa akisema naye peke yake, kama kwamba wanaume wale wamekwenda zao. "Mie nilipoposwa nilikuwa ndani, kama ulivyokuwa wewe sasa hivi. Wakaja wakaniuliza nyuma ya mlango. Nikanyamaza. Wakatoka wakasema kanyamaza, karidhia. Baba yako, Mungu amrehemu, alikuwa mtu mwema na sikujuta. Lakini siku ile, Mardhiya, mie sikuwa nimeridhia wala sikuwa nimekataa. Nilikuwa nnaogopa tu. Hakuna aliyejua, maana woga na haya vina sura moja." Akamshika mkono. "Wewe sitaki unyamaze kwa woga. Ukitaka sema. Hutaki sema. Unataka kufikiri, sema vilevile, na huyu mzee atakunywa chai nyengine."

Mzee Ubwa akatazama kikombe chake.

"Simai," alisema Bi Riyama. "Ulitaka aambiwe na wewe. Mwambie. Mbele yangu."

Simai akapiga goti kwenye pembe ya mkeka, mbali kidogo, kwa heshima. Kwa miezi yote ile Mardhiya alimsikia nyuma yake. Leo yuko mbele, uso kwa uso, jasho limemkaa juu ya mdomo, na macho ni yaleyale ya Mtoni.

"Mardhiya," alisema. "La kwanza, safari iko palepale. Ukinitaka na usiponitaka, iko palepale, na baiskeli yako ntaikaza breki mie. Makunduchi mtalala pengine ukipenda, na mama yangu ntamfahamisha mwenyewe. Asikwambie mtu kwamba lile limefungwa na hili." Akaishika pembe ya mkeka. "La pili... mie sijui kusema. Mama yangu anasema ulimi nimeusahau tumboni mwake. Lakini kila Jumapili nikirudi nyumbani, najiona kama mtu aliyekwenda kazini bila ya zana, kuna kitu kimebaki. Na najua kimebaki wapi. Nnakuomba unikubalie niende Mtoni kwa ami yako. Kabla ya safari, siyo baada. Ili ukifika kwetu ufike na jina lako, hakuna wa kukusema. Nnakuomba, Mardhiya."

Nje, mtu alikuwa akipita pembeni mwa dimbwi, anaruka jiwe kwa jiwe. Huenda alikuwa Bi Sichana. Mardhiya alisikia ndala zinagonga, zikasimama karibu na dirisha, zisiendelee.

Alitaka kuinamisha macho kama alivyofanya siku ile penye magofu. Kichwa kikaanza kwenda chini, kwa mazoea. Halafu akakinyanyua. Akamtazama Simai, akaitazama kola yake iliyopinda, akamtazama tena, na safari hii hakuna aliyekimbia. Maneno yalikuwa yapo, yote, yamejipanga mdomoni. Lakini ilikuwa mara ya kwanza katika maisha yake mtu kumngoja yeye, akaona aibu kulivunja jambo tamu kama lile kwa haraka.

Mzee Ubwa akainua viganja vyake viwili, uso unang'ara. "Alhamdu..."

Bi Riyama akamnyooshea mkono bila ya kumtazama, macho yake kwa mwanawe.

"Ngoja, mzee," alisema. "Bado hajasema."